Sensa Namba Tano

Juzi binti wa Mzee Ssali alinipigia simu kutoka Kasubi kuniambia kwamba baba yake amefariki, na kwamba familia inaomba niseme maneno machache kwenye mazishi kwa niaba ya wote aliowafundisha kazi. "Alikuwa anakutaja, dada Lakot," akasema huku analia. "Alikuwa anakuita mwanawe wa kazi." Nilimpa pole, kwa sababu msiba ni msiba na yeye hajanikosea kitu. Kisha nikamwambia sitakuja. Akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Alisubiri sababu, nami sikumpa, tukaagana. Sababu ni hii ninayoiandika hapa. Baba yake sikumpenda akiwa hai, na kufa hakujamfanya kuwa mtu mwingine. Alinitukana kwa miezi na matusi yale nimekwisha kuyasahau mengi. Lakini alinifanyia jambo moja ambalo watu wangeliita wema, na kwa ajili ya wema huo nilimchukia kuliko nilivyomchukia kwa matusi yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme, nilipoajiriwa kwenye kiwanda cha sabuni na mafuta ya kupikia katika eneo la viwanda la Kampala. Idara ya umeme ilikuwa na watu watatu: Mzee Ssali, fundi mkuu; Bahati, Mkongo aliyekimbia vita huko Kivu; na mimi, msaidizi. Chumba chetu cha swichi kilikuwa nyuma ya matangi ya mafuta. Hakikuwa na dirisha, kilikuwa na mlango mmoja wa chuma na feni iliyozunguka kwa kusuasua, na harufu ya mawese na magadi ilikuwa imeingia hadi kwenye rangi ya kuta. Ndani yalisimama makabati matatu ya chuma, marefu kuliko mtu, ambamo umeme mkubwa uliingia na kugawanywa. Kabati la kwanza lilipokea umeme kutoka nje, la pili lililisha upande wa mafuta, la tatu lililisha upande wa sabuni. Kila asubuhi Mzee Ssali alipita mbele ya makabati hayo, akaweka mgongo wa mkono juu ya kila mlango kama mama anayempima mtoto homa, akainamisha pua kwenye matundu ya hewa, akanusa. "Iko sawa," alisema, akaenda kunywa chai. Huo ndio uliokuwa ukaguzi wetu wa umeme, na kwa miaka thelathini haukuwahi kumwaibisha.

Mchana tulikula posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage kwenye meza ndefu chini ya paa la bati. Mimi nilikulia kambi ya polisi, ambako watoto wa Waacholi, Walugbara na Wateso tulielewana kwa Kiswahili, na Kiganda changu kilikuwa kibovu. Siku ya kwanza nilikaa mezani nikasalimu kwa Kiswahili. Vijiko vilisimama. Mama mmoja wa idara ya kufunga sabuni akamwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, "Olulimi lw'abajaasi." Lugha ya askari. Siwezi kumlaumu sana. Watu wa umri wake walikumbuka vizuri ni nani aliyewasemesha lugha hiyo barabarani, na alikuwa ameshika nini mkononi. Lakini mimi nilikuwa nimeshika sahani tu. Walisogea, nikabaki na nafasi ya watu watatu kila upande, na nafasi hiyo haikujazwa kwa miezi. Mzee Ssali hakuniita jina langu hata mara moja. Aliniita mutoto wa polisi. Bahati peke yake ndiye aliyekuja kukaa karibu nami, na kichupa chake cha pilipili, akanimiminia bila kuniuliza. "Kula, dada Lakot," alisema. "Hawa watazoea. Na mimi walinifanya hivi hivi, mwaka muzima."

Miezi miwili baadaye meneja wetu, Bwana Mwangi, Mkenya mwenye haraka asiyependa kurudia neno, alinunua sensa tisa, vihisi vya kupima joto ndani ya makabati. Kila moja ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichokwisha. Nilizipenda tangu siku ya kwanza, na bado nazipenda. Ndizo zinazonilisha mpaka leo. Ndani ya sensa mna kipande cha fuwele chembamba kuliko ukucha, kilichochorwa juu yake mistari ya chuma kama meno ya kitana. Antena iliyofungwa ndani ya kabati hurusha mawimbi ya redio, na sensa huyageuza kuwa mtetemo, wimbi la sauti ambalo sikio haliwezi kulisikia, likikimbia juu ya uso wa ile fuwele na kurudi. Fuwele ikipata joto, mtetemo hubadilika. Jibu hurudi kwa antena, na kisomaji kilichoko ukutani hulitafsiri kuwa nyuzi. Sensa yenyewe haina betri wala waya. Ndiyo maana inaweza kufungwa moja kwa moja kwenye shaba yenye umeme mkubwa, mahali ambapo ukipitisha waya umepitisha kifo. Na kila sensa hujibu kwa mlio wake, kwa hiyo kisomaji kinajua ni namba gani iliyojibu. Kisichojua ni mahali namba hiyo ilipofungwa. Hilo lazima mtu aliandike.

Mzee Ssali alikataa kuhudhuria mafunzo. "Mimi nilifundishwa na mukono," alimwambia meneja. "Hii ledio mupe mutoto wa polisi. Wao nazoea kupeleleza watu." Kwa hiyo nikafundishwa mimi, siku mbili, na mafundi wawili wa kampuni iliyoziuza. Jumapili moja kiwanda kikiwa kimezimwa tulizifunga, tatu kwa kila kabati. Mafundi hawakufuata mpangilio. Walifunga sensa yoyote iliyotoka kwenye boksi, wakataja namba na mahali, nami nikaandika kwenye daftari kisha nikaingiza majina kwenye kisomaji. Katikati ya kazi Mzee Ssali aliniita uani nikamshikie ngazi abadilishe taa. Haikuwa taa ya haraka. Alitaka tu wale wageni waone kwamba mimi ni mtu wa kushika ngazi. Niliporudi walikuwa wamefunga sensa mbili nyingine, wakanitajia huku wakikusanya vifaa, nami nikaandika kwa hasira bila kuhakiki.

Wiki kadhaa baadaye namba tano ilianza kupanda. Wenzake walikaa kwenye nyuzi arobaini na kidogo. Yenyewe ilifika sitini, kisha sabini. Kisomaji kiliandika: Kabati la Tatu, waya wa kati. Nilimfuata Mzee Ssali akiwa na chai yake na muhogo wa kuchemsha.

"Mzee, kuna joto kabati la tatu. Nadhani maungio yamelegea."

"Nimeshika mulango asubuhi. Baridi."

"Mlango ni baridi, Mzee. Joto liko ndani, kwenye shaba."

Aliweka kikombe chini. "Wewe nafundisha mimi? Ulizaliwa nakuta mimi iko hapa. Toka."

Nilitoka, nikaenda moja kwa moja kwa meneja. Sikupaswa kumruka, na nilijua, na nilifurahi kumruka. Bwana Mwangi aliutazama mchoro wa joto, akakuna kidevu, akaamuru kabati la tatu lizimwe na lifunguliwe, saa tano mchana, sabuni ikiwa imo kwenye mabomba. Tulilizima, tukalifunga nyaya za ardhini, tukalifungua. Shaba ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Mzee Ssali alijaribu kila nati kwa spana. Hakuna hata moja iliyosogea. Akaishika shaba kwa kiganja kitupu na kutugeukia. Kisha akaenda kwenye kisomaji na kuanza kucheka. Namba tano ilikuwa ikisoma sabini na nane. "Kuja uone, Bwana Mwangi! Umeme imekufa, chuma baridi kama maji, na hii ledio yake bado nasema moto!" Watu wa sabuni waliokuwa wamejazana mlangoni wakacheka pamoja naye. Leo, nikiwafundisha vijana, huwa nawauliza: shaba ikiwa baridi na namba ikiwa na moto, maana yake nini? Wanajibu kabla sijamaliza: basi namba hiyo haiko kwenye shaba hiyo. Ni jambo la mtoto. Mimi nilisimama pale na cheti changu, uso unaniwaka, na kitu pekee nilichokifikiria ni jinsi ya kutoka nje bila kuwapita wale watu.

Sabuni iliganda mabombani. Watu wa sabuni walikesha usiku ule wakiikwangua kwa vyuma. Siku ya pili, kwenye meza ya chakula, nilikuta juu ya posho yangu kipande cha sabuni, kimekatwa vizuri, mraba. "Kula kazi yako," mtu alisema kwa Kiswahili, ili nielewe. Nilikiweka kando nikala posho yenye ladha ya magadi mpaka ikaisha, kwa sababu nilikataa wanione nikilia. Kisha nikaenda kwenye chumba cha swichi nikazima king'ora cha namba tano, kile ambacho kisomaji hupiga joto likizidi. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Sikuambiwa na mtu. Bahati aliniona.

"Na ile ya tano, dada?"

"Imeharibika."

"Umeiangalia?"

"Nimesema imeharibika, Bahati. Niache."

Aliniacha. Hakuwa mtu wa kubishana. Kwa wiki sita namba tano iliendelea kupanda kimyakimya, nami nilijizoeza kupitisha macho juu yake bila kuisoma.

Ilitokea saa nne asubuhi. Bahati alikuwa amesimama mbele ya kabati la pili, anasoma mita kama alivyofanya kila siku. Mimi nilikuwa uani. Nilisikia mshindo ambao sijausikia tena tangu siku hiyo, taa zote zikazimika, mashine zikashuka sauti moja baada ya nyingine mpaka kiwanda kizima kikanyamaza. Moshi mweusi ulitoka mlangoni. Mzee Ssali alinipita mbio, mzee yule, akafunika uso kwa koti, akaingia, akamvuta Bahati kwa mkanda wa suruali. Nalisema hili kwa sababu ni kweli. Mlango wa kabati ulikuwa umefumuka na moto ulimpata Bahati mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, na upande wa shingo na sikio. Hakupiga kelele. Alikuwa anauliza tu, "Viatu vyangu viko wapi?" na viatu alikuwa amevivaa. Walimpeleka hospitali kwa pikapu ya kiwanda.

Alasiri, moshi ulipoisha na umeme ukiwa umekatwa kutoka nje, tuliingia mimi na Mzee Ssali peke yetu. Maungio ya waya wa kati katika kabati la pili yalikuwa yameyeyuka. Aliing'oa sensa iliyokuwa juu yake, akakwangua masizi kwa ukucha, akaisogeza kwenye tochi. Ubavuni, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyewahi kuziangalia, iliandikwa 5.

"Lete daftari," alisema. Nikaleta. "Soma. Tano iko wapi?"

"Kabati la tatu."

"Na mimi nimetoa hii wapi?"

Niliona tu ile Jumapili, ile ngazi, namba mbili nilizozibadilisha mahali. Nilimsubiri anipige, na nadhani ningemshukuru. Hakupandisha hata sauti. "Mashine yako ilisema kweli," alisema. "Wewe ndio ulisema ulongo." Akachana ukurasa ule kutoka kwenye daftari, akaukunja, akautia mfuko wa koti.

Ofisi yetu na ya meneja zilitengwa kwa ubao mwembamba. Jioni ile nilikuwa nimesimama upande wetu na kikombe cha chai nisichokinywa, nikasikia sauti ya Bwana Mwangi ikiuliza nini kimetokea, na sauti ya Mzee Ssali ikijibu bila kusita. "Mukongo alifungua mulango, umeme iko ndani. Bila luhusa. Mimi nilimukataza mala nyingi." Meneja akauliza, "Na zile sensa?" Mzee akasema, "Sensa haikuonyesha kitu. Uliza musichana." Meneja hakuniuliza; alitaka jambo liishe. Mzee Ssali alipotoka alinikuta palepale. Alijua kwamba nimesikia. Aliniwekea mkono begani, mkono uleule wa kupima homa, akasema, "Sasa wewe ni mutoto wangu." Sikwenda kwa meneja. Bahati alifukuzwa kazi akiwa bado amelala hospitalini na bendeji hadi kidevuni, kwa barua iliyosema amevunja kanuni za usalama.

Miezi minne iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa kichefuchefu. Mzee Ssali alianza kuniita Lakot. Mke wake alimfungia luwombo, nyama ya mchuzi wa karanga ndani ya jani la mgomba, naye akalifungua mezani na kunikatia nusu mbele ya watu wote. Watu walisogea wakakaa. Yule mama wa sabuni alinifundisha Kiganda. Alasiri, Mzee alinifundisha kazi, na alifundisha vizuri, laana iwe juu yangu nikisema uongo: jinsi ya kusikiliza transfoma, jinsi ya kukaza maungio bila kuyachosha, kwa nini fundi huweka mkono mmoja mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Nilikula nyama yake na kumchukia kwa kila tonge. Kila alipotabasamu niliona koti lake na ule mfuko. Nilikuwa nimepata kila nilichokitamani mwanzoni mwa mwaka, kiti mezani na jina langu, na aliyekilipia ni Bahati.

Mwezi wa tano tangu ajali nilikwenda Kabalagala, mtaa alikoishi Bahati. Bahati alikaa chumba kimoja nyuma ya baa, na cherehani ya mkewe, Furaha, ilikuwa mlangoni ili apate mwanga. Furaha alinikaribisha, akaniwekea kigoda, akaleta chai. Bahati alikaa kitandani, mkono wa kulia juu ya mto, vidole vimekunjamana na kushikana. Alikuwa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Daftari la shule lilikuwa wazi pembeni yake. Aliniuliza habari za kiwanda, akaulizia hata ile feni. Nikamwambia yote, bila kupumzika: namba, ngazi, kidole changu kwenye king'ora, ukurasa, ubao, luwombo.

Bahati aliuliza swali la fundi. "Ilionesha ngapi? Siku ile."

"Mia moja na kumi na mbili."

"Basi ilikuwa inasema," alijibu, akatazama ukuta.

Cherehani ilikuwa imesimama. Furaha aliinuka, akachukua kikombe cha chai kutoka mkononi mwangu, akamwaga chai nje. "Miezi ine," alisema. "Miezi ine watu wanamwita bwana yangu mujinga, na yeye mwenyewe alianza kuamini. Anashituka usiku ananiuliza, nilifungua ule mulango? Nilifungua? Sasa umekuya kutua muzigo yako huku kwetu. Ibebe. Utoke nayo." Nilimtazama Bahati. Hakugeuka. Nikatoka.

Asubuhi nilikuwa ofisini kwa Bwana Mwangi kabla hajavua koti. Nilimweleza. Akauliza nina ushahidi gani, kwa kuwa ukurasa ulichanwa. Nikampeleka kwenye kisomaji, ambacho kina betri yake na hukumbuka kila jibu la kila sensa. Nikamwonyesha mstari wa namba tano ukipanda wiki sita, na dakika ulipokatika: dakika ileile kabati la pili lilipolipuka, wakati la tatu lilibaki zima. Bwana Mwangi hakuwa mjinga. Alimwita Mzee Ssali.

"Huyu musichana nachanganyikiwa," Mzee alisema.

"Tazama hapa," meneja akasema, akagusa mstari. Mzee Ssali hakuutazama. Alinitazama mimi.

"Ulijua?" meneja akamwuliza.

"Hakujua kabla," nilisema. Ningeweza kusema alijua. Ningependa sana kusema alijua. "Alijua baada ya moto, siku ileile. Kosa la kuandika ni langu. Uongo kuhusu Bahati ni wake."

Nilifukuzwa siku hiyo. Mzee Ssali alipewa onyo akaendelea na kazi mpaka alipostaafu, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuwasha kiwanda. Nilimwomba meneja kitu kimoja, amwandikie Bahati barua ya kufuta lile kosa, kwa Kiswahili anachokisoma, na iseme wazi nani alifanya nini. Aliiandika. Nilipokuwa natoka, Mzee Ssali alikuwa amesimama getini, bila koti.

"Mimi nilikufunika," alisema. "Wewe ukavua nguo mbele ya watu."

"Ulinifunika kwa ngozi ya Bahati," nikamjibu. Hatukuonana tena.

Nilikwenda Kabalagala mchana huohuo. Furaha alifungua mlango nusu, akaona ni mimi, akanyoosha mkono. Nikampa bahasha yenye barua ile. Hakusema asante, wala sikuitarajia. Akafunga mlango. Nilipaswa kuondoka, lakini miguu ilikataa, na ubao wa mlango ule ulikuwa mwembamba. Nilisikia bahasha ikichanwa. Alimsomea mumewe kwa sauti, neno kwa neno: kwamba Bahati hakufungua mlango wowote, kwamba hakuvunja kanuni yoyote, kwamba sensa ilionyesha hatari kwa wiki sita na ikaandikwa mahali pasipo pake na msaidizi wa umeme. Hapo akafika kwenye jina langu. Akalisoma, akanyamaza.

"Endelea," Bahati akasema.

Furaha alilisoma jina langu mara ya pili, polepole, ndipo akaendelea.